Fomu ya Meli Inasema Mama Anatembea

Shangazi wa safu hii, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi, na nikiri mapema kwamba nimekuwa nikiwacheka watu wanaokuandikia, nikisema hawa hawana hata ndugu mmoja wa kusemezana naye mpaka wapeleke ya ndani gazetini, na leo nimekaa kwenye stuli ya cherehani, karatasi nimeiweka juu ya paja, kwa sababu ndugu ninaye na ndiye niliyefanya naye haya ninayotaka kukueleza. Naomba unisaidie upesi. Zimebaki wiki tano, na baada ya hapo sitakuwa na cha kusaidiwa.

Nashona mapazia. Duka langu ni chumba kimoja kinachotazama barabara, kina meza ya kukatia, kioo, na cherehani mbili, moja inafanya kazi na nyingine inamtazama mwenzake. Kutoka dukani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, na nyumbani tunaishi wawili tu, mimi na mama. Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa, ni fundi wa majokofu, yuko mji mwingine na mkewe, anatupigia simu kila siku na kutuamulia mambo. Mimi ni kitinda mimba, nimezoea kuamuliwa.

Mama ana miaka sabini na minne. Miaka thelathini na moja alifanya kazi sehemu ya kufulia nguo pale bandarini, kazi yake kupiga pasi mashuka na foronya za meli za abiria, mpaka wenzake wakamwita Bi Pasi na jina likamganda, majirani hawamjui kwa jina jingine. Mashuka yaliletwa kwa matoroli yamekunjamana, yananuka jasho na marashi ya watu asiowajua, yakarudi yamenyooka, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga meli hata moja maana wafuaji mwisho wao ulikuwa geti la mizigo. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitutandikia kitanda anasema, "Iko siku na mimi nitalalia shuka ambalo sikulipiga pasi mwenyewe." Alikuwa anatania, lakini mimi nilimsikia na sikusahau.

Miaka miwili na miezi mitatu iliyopita mama aliteleza bafuni, akaanguka chali kwenye kizingiti, uti wa mgongo ukaumia, akalazwa wiki saba. Siku moja daktari alituita mimi na kaka kwenye korido, pembeni ya toroli la chakula, akasema bila kuzunguka, "Mama yenu hatatembea tena. Miguu itashtuka, itauma, atahisi vitu kidogo kidogo, lakini haitambeba. Nimwambie mimi au mtamwambia nyinyi?" Kaka akasema tutamwambia wenyewe, sisi ndio wanawe. Tukaingia wodini, tukamkuta amekalishwa kwa mito, nesi amemchana nywele, akatuuliza, "Amesemaje?" Mimi nikaangalia dripu. Kaka akasema, "Amesema miguu itarudi, mama, ila polepole." Mama akashusha pumzi, akacheka, akasema polepole si neno, yeye hana haraka ya kwenda popote, na hapo hapo akaomba chakula kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Shangazi, nilijua tumekosea kabla hata hajamaliza kutafuna, lakini nani angemnyang'anya mama yake kijiko mdomoni.

Tangu siku ile nyumbani kwetu kuna jibu moja tu, nalo ni "bado kidogo." Mama, vipi miguu? Leo imeshtuka. Basi bado kidogo. Tulimpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mzima mpole mwenye viganja vipana, akawa anakuja Jumanne na Ijumaa kumfundisha mama kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwa nguvu ya mikono, na mama akampenda, akawa anamwekea chai kabla hajafika. Siku moja akamuuliza ataanza lini kumfundisha kusimama. Yule bwana akanitazama, akaniita nje, akasema, "Dada, mimi mgonjwa wangu simdanganyi. Mwambieni, halafu mnipigie nirudi." Hatukumpigia. Mama tulimwambia amehamishwa kikazi, na mama akasema mbona hakuaga, mtu mwenye adabu vile.

Safari ya meli lilikuwa wazo langu mwenyewe, sitamsingizia mtu. Nilikwenda kwenye ofisi ya wakala wa safari kupima madirisha yao, walitaka mapazia mapya, na nikiwa juu ya kiti na futi yangu nikaona tangazo ukutani, meli ya kitalii, ghorofa tisa, siku sita, bandari nne, na kitanda kimoja kimepigwa picha shuka likiwa limekunjwa pembe vile vile alivyotufundisha mama. Nikashuka kwenye kiti nikasema hiki ndicho. Nilitaka nimpe mama kitu kikubwa sana ili nikimtazama usoni nisione kile tulichomnyima. Ndivyo ilivyokuwa, nakuambia ukweli wewe kwa kuwa nyumbani sina wa kumwambia.

Dada wa pale ofisini alinipokea vizuri mpaka nilipotaja kiti cha magurudumu. Akasema vyumba vinavyoingia kiti ni vinne tu meli nzima na vyote vimeshachukuliwa hadi msimu ujao. Vya kawaida vipo, kama mama anaweza kutembea hatua chache, basi kiti kinakunjwa kinawekwa pembeni. Nikamuuliza upana wa mlango wa chumba cha kawaida, akanitazama kama mtu wa ajabu, akapekua kitabu chake, sentimita hamsini na sita. Kiti cha mama ni sitini na tatu. Najua maana nimekipima mara nyingi, mimi nikiwa na mawazo napima vitu.

Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. La saba lilikuwa hili: je, abiria anaweza kutembea na kupanda ngazi bila kusaidiwa? Nikatoka nje nikampigia kaka. Akasema, "Weka ndiyo. Akishakuwa ndani na meli imeng'oa nanga, nani atamshusha? Mlangoni nitambeba mimi." Kaka yangu ana mgongo mbovu, friji ya mlango mmoja inamlaza siku tatu, lakini kwenye simu kila mtu ni hodari wa kubeba. Nikarudi ndani nikaweka alama kwenye ndiyo, na mkono haukutetemeka, hilo ndilo linaloniuma.

Bahasha ilipokuja na tiketi ilikuwa na nakala ya fomu ndani. Niliiacha mezani nikaenda jikoni kupunguza moto, na niliporudi mama amevaa miwani anaisoma mstari kwa mstari, maana mama ni mtu wa kusoma orodha, kazini kwake shuka moja likipotea ilikuwa ni kesi. Akafika swali la saba akaweka kidole. "Hii 'ndiyo' kaandika nani?" Nikasema fomu inajazwa kwa maelezo ya daktari. Sijui yalitoka wapi maneno hayo, shangazi, yalitoka yenyewe. "Kwa hiyo daktari ameshasema," mama akasema. Nikasema ndiyo, mama. "Na mlinificha?" Nikasema tulitaka iwe zawadi. Akavua miwani, akalia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili akanibusu viganja, na mimi nimesimama pale nanuka vitunguu, natamani ardhi ipasuke.

Kuanzia siku ile nikawa na mama mwingine ndani ya nyumba. Anaimba. Anawaita majirani dirishani anawaambia ile ngazi ya meli ataipanda kwa miguu yake, na kiti tutabeba sisi wanawe. Akanituma viatu vya soli ya mpira visivyoteleza, nikanunua. Halafu akaniambia, "Nishonee mkanda. Mpana, wa kunishika kiuno, uwe na vitanzi viwili. Nitajifunga kwenye nondo za dirisha nijizoeze kusimama wakati wewe uko dukani, nisikupotezee muda." Nikamwambia asubiri tuwe wote. Akasema, "Mwanangu, wiki saba si nyingi." Na mimi nikashona. Nilimpima kiuno, sentimita sabini na nane, amepungua. Nikachukua ule utepe mgumu tunaoshona juu ya mapazia mazito, nikaupanga tabaka tatu, kwenye vitanzi nikapitisha cherehani mara nne. Ukiniuliza nilikuwa nafikiri nini, nilikuwa nafikiri mshono usiachie.

Jumatano iliyopita nilirudi saa saba mchana kumpa chakula nikamkuta amening'inia dirishani. Alikuwa amejivuta kwa mikono mpaka akasimama, ananiambia alisimama kweli akahesabu hadi ishirini, kisha mikono ikachoka, magoti yakakunjika, kiti kikarudi nyuma, na mkanda ukapanda ukambana chini ya makwapa. Fundo lilikuwa juu, hakulifikia. Alikuwa hivyo tangu kabla ya saa sita, viatu vipya miguuni, vidole vinagusa sakafu na havimsaidii kitu. Nikamuuliza kwa nini hakuita majirani, wako hatua tatu tu. Akasema, "Wanione hivi, baada ya yote niliyowaambia?" Nilichukua mkasi nikakata. Mshono wangu haukuwa umeachia hata uzi mmoja.

Nilipomlaza akanishika mkono, akasema nisimwambie kaka, atafuta safari. Halafu akanitazama machoni, shangazi, akaniuliza, "Ni uvivu wa miguu tu, sivyo? Daktari hawezi kuandika ndiyo kama si kweli." Nilikuwa na nafasi pale. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani, hakukuwa na simu, hakukuwa na kaka. Nikasema, "Bado kidogo, mama."

Sasa ana michubuko myeusi chini ya makwapa yote mawili, na akivuta pumzi ndefu anashika ubavu wa kushoto. Hospitali hataki kwenda, anasema daktari akiona michubuko atabadilisha ile ndiyo. Jana ameniomba mkanda mwingine, wenye fundo la chini atakalolifikia. Utepe nimeshaukata, uko hapa mezani nikikuandikia, sijaushona na sijautupa. Kaka nilimweleza, sikuweza kukaa nalo, akasema nimnunulie mama vitamini na tusiharibu mambo dakika za mwisho.

Nikimwambia ukweli namuua, maana sitamwambia jambo moja, nitamwambia kwamba miguu hairudi, kwamba daktari hakuandika chochote, kwamba yule bwana wa mazoezi hakuhamishwa, na kwamba kila asubuhi kwa miaka miwili nilipomvalisha soksi nilikuwa najua. Nisipomwambia atajifunga tena. Nimefikiri hata kwenda kuchana tiketi na kusema meli imeharibika, yaani uongo mwingine juu ya ule. Nimechoka. Kuna wakati nakaa kwenye cherehani nakanyaga tu bila kitambaa. Nifanye nini, shangazi, au hili halina tena la kufanya?

Ni mimi, mshona mapazia.

*

Marahaba, binti yangu. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Ushauri utafuata, lakini kwanza mama anayeshika ubavu akivuta pumzi anapelekwa hospitali leo. Si kesho baada ya kumaliza pazia la mtu. Kama gazeti hili unalisomea dukani, teremsha mlango, funga kufuli, nenda. Ubavu uliovunjika kwa mtu wa miaka sabini na minne si jambo la kubembelezana, na akikataa kwa sababu ya ile ndiyo, basi unajua sasa ndiyo yako imefika wapi. Imefika mahali inamzuia mama yako kutibiwa.

Sitakuita mtoto mbaya. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi na watoto wabaya nawajua, hawaandiki barua ndefu hivi, wala hawajui kiuno cha mama zao ni sentimita ngapi. Umemvalisha soksi kila asubuhi, na hilo ni kweli kama lile jingine lilivyo kweli. Lakini wema wako una woga ndani yake, binti yangu, na woga huo umeuita huruma kwa miaka miwili. Siku ile wodini mliona mama anakula mkasema tusimharibie chakula. Nawaelewa. Siku ile moja ningewasamehe hata mimi. Ya pili je? Na ya mia saba? Mtu mmoja tu katika habari hii yote alimheshimu mama yako, naye ni yule bwana wa mazoezi, na hamkumpigia arudi, kisha mkampaka matope kwamba hana adabu ya kuaga.

Sasa nikueleze kuhusu hilo swali la saba, maana naona wewe na kaka yako mmelichukulia kama bawabu wa kupitwa kwa ujanja. Watu wa meli hawaulizi ili wawasumbue wenye viti. King'ora kikilia lifti zinafungwa. Wahudumu wanashika orodha ya watu wasioweza kushuka ngazi, wanakwenda chumba kwa chumba kuwatoa. Mama yako hatakuwa kwenye orodha hiyo. Atakuwa kwenye chumba ambacho kiti chake hakipiti mlangoni, kiti kimekunjwa mahali asipopafikia, na kwenye karatasi ya nahodha ameandikwa kwamba anatembea. Nani atamfuata? Fundi wa majokofu mwenye mgongo mbovu? Mwonyeshe aya hii, na mwambie nimesema awe mwanamume aje nyumbani, asiendelee kulea mama kwa simu.

Najua kuna kitu utajaribu kujiambia ukishamaliza kunisoma. Utajiambia labda mama anajua. Wazee wana akili, labda alishajua zamani na anatuigizia sisi ili tusiumie. Barua nyingi zinazofika hapa zimeegemea hiyo labda, na mara nyingine ni kweli. Kwako si kweli. Mtu anayejua hajifungi dirishani. Kwa hiyo usitegemee kwamba ukifungua mdomo atakushika bega akuambie nilijua, mwanangu, usijali. Hajui. Utakapomwambia utamwona anajua mbele yako, na itakuwa mbaya kuliko siku aliyoanguka bafuni, maana bafuni hakusukumwa na mtu.

Umeniuliza kama kuna la kufanya. Lipo, ila halitakupunguzia uchungu, na nisingependa nikudanganye na mimi. Huo utepe ulio mezani ukate vipande vidogo visivyofaa kitu, kabla hujatoka dukani. Ukitoka hospitali na mama, piga simu kwa wakala umwambie jibu la swali la saba ni hapana, ulikosea kwa makusudi, na uliza kama kuna orodha ya kusubiri vile vyumba vinne. Huenda nafasi ikapotea, na kilicholipwa kikapotea nayo. Kipotee. Uongo ule wa meli kuharibika usiuguse kabisa. Mama yako alifanya kazi bandarini miaka thelathini na moja, ana watu wa kuwauliza.

Kisha mtafute yule bwana wa mazoezi. Mwombe msamaha, kwa ufupi, asikae anakufariji wewe. Mwambie unataka arudi siku ile ile mama atakapoambiwa, akae chumba cha pili, kwa sababu mama atakuwa na maswali ambayo wewe utayajibu kwa huruma yako ile mbaya, na yeye atayajibu sawasawa. Daktari naye akubali kuonana na mama uso kwa uso, siku nyingine, mama peke yake kama atataka. Nyinyi mmeshika maneno ya daktari muda wa kutosha.

Kaka yako awepo, lakini anayesema ni wewe. Yeye ndiye aliyeanza, sawa, ila Jumatano mama alikuuliza wewe macho kwa macho, na wewe ndiye unayedaiwa jibu lile. Usimwambie umesimama, wala usimwambie ukiwa unakunja nguo au unageuza sufuria. Vuta kiti, kaa kwenye kimo chake. Useme hivi, wala usipambe: "Mama, daktari alisema hutatembea tena. Alisema ukiwa bado umelazwa. Tulikudanganya. Ile ndiyo kwenye fomu niliiweka mimi." Hapo funga mdomo. Mkono wako utatafuta kitu cha kupima, uukalie. Usiongeze lakini. Usiseme tulifanya kwa kukupenda, hata kama ni kweli, maana hapo utakuwa unamwomba akubebe wewe wakati yeye ndiye ameangushwa. Na meli usiitaje siku hiyo. Usimpe safari kama peremende ya mtoto aliyechomwa sindano. Akija kuitaka mwenyewe, mwezi ujao au mwaka ujao, kwenye chumba ambacho kiti chake kinapita, mtakwenda. Akisema hataki tena kusikia habari za meli maisha yake yote, mtakaa.

Sikuahidi atakusamehe. Kuna wazazi waliosamehe makubwa kuliko hili, na kuna waliogeuka ukutani wasigeuke tena. Anaweza kukaa wiki nzima hataki umguse, na itabidi umguse, maana nani mwingine atamhamisha kutoka kitandani. Utamnyanyua mtu anayekuchukia kwa saa ile, na utamnyanyua taratibu vile vile. Anaweza kukuuliza kuhusu kila siku moja moja, siku ya viatu, siku ya mkanda, siku aliyokubusu mikono. Jibu kila moja. Na majirani aliowaambia ataipanda ngazi, usiende kuwaeleza wewe. Aibu hiyo ni yake, ataamua mwenyewe aifanye nini.

Halafu atalia. Mkono wako ukinyanyuka kwenda kumpangusa, urudishe. Wewe na kaka yako mlipewa habari za msiba huu zaidi ya miaka miwili iliyopita, mkalia, mkaenda kazini, mkaanza kuzoea. Mwenye miguu ndiye pekee ambaye hajaambiwa kwamba imekufa. Mwambieni, kisha kaeni naye, mkae kama watu wanavyokaa kwa mfiwa, na mumwache alie mpaka atakaponyamaza mwenyewe.